Kiraka cha Orest Dubyk

Orest Dubyk hakuwa mtu mbaya. Naanza hapo makusudi, kwa sababu nikishamaliza kusimulia wengine wenu mtatafuta mawe, na mimi mwenyewe langu niliwahi kuliokota. Alikuwa fundi wa barafu wa hapa Kerrick. Mji wetu ni mdogo, nyumba zimejikunyata pamoja katikati ya mashamba ya ngano ya Saskatchewan, na karibu nusu ya mwaka baridi inatutawala itakavyo. Mahali kama hapa mtu anayetengeneza barafu ya watu kutelezea si wa kupuuzwa. Bila mchungaji tunaweza kukaa hata mwaka mzima, na tumewahi. Bila fundi wa barafu, hata wiki moja hapana.

Kwa miaka thelathini na moja Orest aliutunza ule uwanja wa zamani, banda la mbao lisilo na chembe ya joto, ambamo barafu iligandishwa na baridi ya Mungu mwenyewe. Kazi yake ilikuwa kumwaga maji kwa mpira, tabaka jembamba juu ya tabaka jembamba, wiki mbili mfululizo, mpaka sakafu nzima ing'ae. Na palipochimbika, maana watoto wa hoki wakikata kona huacha mashimo utadhani panya wamepita, alichota theluji, akailowesha maji, akaikanda kama unga wa mkate, akaisindilia shimoni na kuipapasa kwa kiganja mpaka ikalingana. Kisha akawasha sigara. Sigara ikiisha, kiraka kimekuwa jiwe. Hakuhitaji saa ya mtu. Miaka yote hiyo sigara haikumdanganya hata siku moja.

Halafu paa la banda likapinda kwa uzito wa theluji, wahandisi wakaja wakalitazama, wakafunga mlango kwa mnyororo. Majira sita ya baridi tukakaa bila uwanja. Wazazi wakawa wanaendesha magari saa nzima kupeleka watoto mji wa pili, na wazee wakabaki majumbani kuchungulia dirishani. Tungekuwa tunachungulia mpaka leo kama si Mwalimu Thelma Rankin.

Thelma alikuwa amefundisha darasa la pili hadi la nne kwa miaka thelathini na tano, kwa hiyo nusu ya mji ilikuwa ikimwogopa bado. Orest mwenyewe alikuwa mwanafunzi wake wa mwanzo mwanzo, alipotoka chuoni akiwa binti wa miaka ishirini na mbili. Mumewe alishafariki, bintiye Darlene anaishi Calgary, na yeye akakataa katakata kukaa akishona soksi. Alipika karamu, akaoka pai, akaandika barua serikalini mpaka wakachoka kumjibu hapana, akasimama mlangoni mwa duka na kopo lake, na ukijaribu kupita pembeni anakuita kwa majina yako yote matatu. Miaka sita! Uwanja mpya ukasimama, wenye mabomba ya kugandisha yaliyopita chini ya sakafu, na kumbi za joto ambamo bibi anaweza kukaa bila blanketi.

Fundi kijana akaja kutoka mjini, siku mbili nzima, kumfundisha Orest ile mitambo. Kati ya mambo mengi alisema hili: humu ndani si kama nje, hewa ina joto, kwa hiyo kiraka cha theluji kipewe saa nzima, isipungue. Orest alimsikia vizuri sana. Akaviangalia viatu vya yule kijana, viatu vya kuvalia ofisini, akacheka moyoni. Huyu naye wa kunifundisha mimi barafu? Wahenga hawakukosea waliposema mazoea yana taabu.

Sasa, kwetu kuna desturi. Siku ya kwanza ya kufungua uwanja kwa watu wote, mzunguko wa kwanza ni wa mkongwe kuliko wote anayeweza bado kusimama juu ya viatu vya barafu. Anazunguka peke yake. Wengine wote wanasubiri nyuma ya uzio, watoto kwa wakubwa, hakuna anayetia mguu mpaka amalize. Jumapili ile ya Novemba mkongwe alikuwa Thelma, miaka themanini, na hakuna aliyetafuta mwingine. Tangu wiki mbili kabla alikuwa akimwambia kila anayemsimamisha barabarani kwamba hana hofu na chochote isipokuwa kulia mbele ya watu.

Milango ilikuwa ifunguliwe saa nane mchana. Saa nane kasoro dakika kumi na mbili, Orest anapita mara ya mwisho, akakuta shimo kwenye kona ya mbali. Watoto wa hoki wa asubuhi hao. Nje foleni imefika barabarani, watu wanapiga miguu chini kwa baridi, kahawa inachemka, mwenyekiti wa kamati anachungulia na kuonyesha saa yake. Orest hakufikiri. Alichota theluji, akalowesha, akakanda, akasindilia, akapapasa. Sigara haikuruhusiwa tena mle ndani, basi akaivuta kichwani. Ilipoisha kichwani, akafungua mlango.

Thelma akaingia. Alikuwa na viatu vyake vyeupe vya tangu Darlene yuko tumboni, na mikono ameifunga nyuma mgongoni kama wanavyofanya watu waliojifunzia kwenye mto ulioganda. Alipita upande wa kwanza pole pole, wa pili akachanganya mwendo, na watu wakaanza kupiga makofi kwa pamoja. Wazee wenzake walikuwa wanafuta macho waziwazi. Alipofika kona ya mbali akaegemea ndani kidogo, kama inavyotakiwa, chuma cha kiatu cha kulia kikazama, mwili ukaenda mbele na mguu ukabaki nyuma.

Wahenga walisema kuteleza si kuanguka. Hawakuwahi kufika Kerrick. Watu mia tatu walikuwa wamemtazama yeye tu, juu ya barafu tupu, hakuna aliyemgusa wala kumkaribia, na kila mmoja angeweza kula kiapo kwamba bibi wa watu ameanguka bure, kwa uzee wake. Vijana wa gari la wagonjwa wakaruka uzio. Nyonga ilikuwa imevunjika.

Orest alifika kwenye kona akakuta mfereji katikati ya kiraka chake, mpana kama kidole, kingo zake bado zina majimaji. Akajua palepale. Na hapa ndipo mawe yanapookotwa, ndugu zangu: watu wote walikuwa wamempa mgongo, wanamzunguka Thelma, naye akapiga magoti, akakusanya theluji, akauziba ule mfereji, akaulainisha kwa kiganja. Msiniambie alichanganyikiwa. Mtu aliyechanganyikiwa halainishi. Baadaye akapitisha mashine ya kulainisha barafu juu yake, na jioni ile hata malaika asingepaona.

Maneno ya mjini mnayajua. Wiki ya kwanza yalikuwa maskini Mwalimu. Ya pili yakawa nani alimruhusu, umri ule? Ya tatu kamati ikakaa na kuamua kwamba desturi ya mzunguko wa kwanza ifutwe, wazee wasihatarishwe tena. Walipiga kura kwa kunyoosha mikono. Orest alikuwa amekaa kiti cha nyuma karibu na mlango, na alipoona mikono imeinuka yote akainua na wake.

Alijiambia atasema. Kesho yake alijiambia atasema Mwalimu akitoka hospitali, asimwongezee mgonjwa machungu. Kisha akajiambia pengine hakikuwa kiraka, pengine kweli ni mguu, yeye ni daktari? Wazo hili la mwisho lilimpoza siku kadhaa, halafu likaanza kumuuma kuliko yote. Basi asubuhi moja ya Desemba, uwanja haujafunguliwa, akaenda kwenye kona ileile, akachimba shimo kwa ncha ya koleo, akaliziba kama alivyoliziba, akaketi na saa mkononi. Dakika ya kumi na mbili alibonyeza kwa dole gumba, likazama mpaka kwenye kucha. Ya thelathini likazama nusu. Hata ya arobaini na tano, kiraka kilikuwa bado kinatoa maji. Alikaa pale juu ya ndoo iliyopinduliwa, mtu mzima wa miaka sitini na mitano, akalia mpaka kamasi zikamganda kwenye masharubu. Kisha akainuka akafungua mlango wa wateja, kwa sababu ilishakuwa saa tatu.

Hospitalini alikwenda mara mbili, kila mara na vyakula vya kwao alivyopika mkewe Nadia, supu ya borshi na pirohi za viazi, kwenye mkoba. Thelma alifurahi kumwona. Alimkaribisha biskuti, akamweleza jinsi ilivyokuwa, kwa utulivu, kama anaeleza habari za mtu mwingine: alikuwa anajisikia vizuri, anateleza vizuri, na kwenye kona mguu wa kulia ukamwacha. Haukuteguka, haukuuma kabla. Ulimwacha tu. Alisema hilo ndilo linalomtisha, kwamba mguu haukumpa hata onyo. Orest akasema pole, Mwalimu. Akala biskuti ya pili kwa kukosa pa kuweka mikono.

Thelma alirudi nyumbani kabla ya Krismasi na fremu ya kutembelea. Mtaalamu wa viungo alisema nyonga imeunga vizuri ajabu na fremu aiache baada ya wiki chache. Hakuiacha. Alikuwa akivuka jikoni ameing'ang'ania kwa mikono miwili, na nje hakutoka kabisa. Yule mama aliyetushika mashati miaka sita, sasa anaagiza maziwa kwa simu! Darlene akaja kutoka Calgary, akaona, akasema mama, twende, kuna nyumba nzuri ya wazee karibu nami, huku huwezi kukaa peke yako. Tulitegemea Thelma atapandisha sauti. Akakubali. Kibao cha kuuza nyumba kikasimikwa kwenye theluji mbele ya ngazi zake.

Baada ya mwaka mpya alimwita Orest amsaidie kubeba makasha kutoka ghala la chini. Orest akabeba yote, kumi na saba, akayapanga ukumbini bila hata kupumzika, kwa sababu kubeba kulikuwa nafuu kuliko kukaa. Alipomaliza Thelma alikuwa ameshika vile viatu vyeupe mapajani.

“Vipeleke uwanjani, kwenye sanduku la viatu vya kuazima,” akamwambia. “Msichana yeyote wa namba sita vitamfaa.”

“Mwalimu, uviweke tu. Huwezi kujua.”

“Najua. Miaka sabini na tano nilikuwa najua miguu yangu iko wapi bila kuitazama. Sasa nikisimama naitazama kama watoto wa darasa la pili, nageuka kidogo tu kuandika ubaoni, sijui wananifanyia nini mgongoni.” Akacheka, lakini Orest hakuweza. “Mwili ukikudanganya mara moja, Orest, huuamini tena. Huo ndio uzee. Si mvi.”

Orest alifungua kinywa. Naapa alifungua, yeye mwenyewe ameniambia, na neno lilikuwa limeshafika kwenye meno. Akasema: “Haya, nitavipeleka.” Akavichukua, akavificha chini ya kiti cha gari lake, maana hata kuvitia kwenye sanduku hakuweza. Siku zile alikuwa akiinuka mezani sahani ikiwa nusu.

Nadia alikuwa amemvumilia vya kutosha. Jumatano moja mwishoni mwa Januari, wakati wa chakula cha mchana, alimwambia amesikia dukani kwamba nyumba ya Mwalimu imepata wateja. Orest akaweka kijiko chini na uso ukamgeuka.

“Wewe unaumwa,” Nadia akasema.

“Siumwi.”

“Basi unaficha. Kimojawapo, na usinidanganye.”

Akamwambia yote. Yalimtoka bila mpangilio, kiraka kabla ya shimo, shimo kabla ya sigara. Alipomaliza, mkewe alimtazama muda mrefu, kama anayekagua kitu alichonunua zamani.

“Na borshi yangu ukampelekea kwa mikono hiyohiyo?”

Orest akaanza kusema nisamehe.

“Usiniombe radhi mimi. Mimi sijavunjika kitu. Vaa koti.”

Alikwenda kwa miguu. Ni mitaa minne tu, lakini baridi ilikuwa nyuzi ishirini na saba chini ya sufuri na pua ikamfa ganzi kabla hajafika. Thelma alikuwa kwenye kiti chake karibu na dirisha, fremu mbele yake, ukumbi umejaa makasha. Alimwambia aketi. Akasema hapana, Mwalimu, nitasimama, na akasimama kweli, kofia mkononi, pale alipokuwa, na kumweleza kuanzia shimo.

Thelma hakulia wala hakupaza sauti. Orest alipomaliza, Mwalimu akamwuliza maswali, moja moja, kama alivyokuwa akifanya zamani mtu akivunja dirisha.

“Ulikipa dakika ngapi?”

“Kumi na mbili, Mwalimu.”

“Ulitakiwa kukipa ngapi?”

“Saa nzima. Yule fundi alisema. Nilimsikia.”

“Na nilipokuwa nimelala pale, wewe ulikuwa wapi?”

Hapo Orest alitamani sakafu impokee. “Nilikuwa nakiziba,” akasema. “Watu wasione.”

Thelma akainamisha kichwa, akautazama mguu wake wa kulia ndani ya soksi. Aliutazama kwa muda, kama unavyomtazama mtu uliyemsingizia wizi.

“Nimeutukana mguu huu,” akasema. “Siku sabini na tatu. Kila asubuhi, kabla sijateremka kitandani, nautukana.”

“Nisamehe, Mwalimu.”

“Shimo nimekusamehe. Barafu humkosesha yeyote. Lakini ulikuja hospitali, Orest. Ulikaa ukala biskuti zangu. Nikakuambia mguu umenisaliti, na wewe unajua nani amenisaliti, ukaniambia pole.”

Alisema hivyo kwa sauti ya kawaida kabisa, na Orest alisema baadaye kwamba heri angempiga. Akakimbilia la nyumba. Alisema asiuze, bado kuna nafasi, yeye mwenyewe atampigia Darlene leo hii, ataeleza kila kitu, hao wateja wataelewa.

“Nilitia sahihi Jumatatu,” Thelma akasema.

Jumatatu. Jumapili yake, siku moja tu kabla, Orest alikuwa nyumba ya tatu kutoka hapo akimsaidia jirani kuondoa theluji. Alimwona Thelma dirishani. Alisimamisha koleo, akafikiria kwenda, akajiambia wiki hii, wiki hii bila kukosa, akamalizia theluji ya watu na kurudi nyumbani kwake.

“Ni mke na mume, watoto watatu,” Thelma akaendelea, kana kwamba anamweleza Orest jambo litakalompendeza. “Mama ameshapima madirisha kwa ajili ya mapazia. Mtoto wa kati nimemwonyesha chumba kipi hupata jua asubuhi. Siwezi kwenda kuwaambia leo nimegundua mimi si mzee.”

Kisha akaisukuma fremu pembeni. Akaweka mikono kwenye kiti, akainuka. Orest alisogea kumshika, naye akamwinulia kidole kimoja, kidole kilekile cha darasa la nne, Orest akabaki palepale. Thelma akatanguliza mguu wa kulia. Aliuegemea kwa uzito wake wote, makusudi, akangoja kuona utafanya nini. Haukufanya kitu. Akafuatisha wa kushoto. Akapita katikati ya makasha kumi na saba mpaka mlangoni, haraka kuliko alivyotembea tangu Novemba, akaufungua, na baridi ikaingia ndani.

“Kamati inakutana leo?”

“Saa kumi.”

“Nenda kawaambie kama ulivyoniambia mimi. La kuziba usiliache.”

“Mwalimu, naweza kurudi kesho nikusaidie—”

“Hapana. Humu usirudi.”

Orest akavaa kofia, akashuka ngazi. Njia ya kwao Thelma ikifika barabarani inagawanyika, kushoto nyumbani kwa Dubyk, kulia uwanjani, kamati inakokutana. Alipofika pale aligeuka mara moja. Mwalimu alikuwa bado mlangoni, bila koti, kwenye baridi ile, amesimama kwa miguu yake miwili bila kushika kitu, anaangalia Orest atakata upande gani.